Pimbi Mlezi na Daraja la Hatua Kumi

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu, na wewe unayetafuna muwa tafuna polepole tusikilizane, palikuwa na chuo cha ufundi cha wanyama kando ya kijito. Humo walifundishwa kubuni vitu na kuvijenga: madaraja, maghala, matangi ya maji. Mwalimu wao alikuwa Nungunungu. Alikuwa mpole, ila akikasirika miiba yake ilisimama tisti, na waliokaa mbele waliinamisha vichwa.

Chuo hicho kilikuwa na desturi moja. Kila kikundi cha mwaka wa kwanza kilipewa mlezi, na mlezi mwenyewe alikuwa mwanafunzi mwenzao wa mwaka wa pili, aliyeyapitia yale yale juzi tu. Kanuni zake ziliandikwa ubaoni: mlezi asiguse mbao, asichore mchoro, asitoe jibu. Kuuliza maswali aliruhusiwa.

Sasa, kikundi cha tatu kilikuwa na Tembo, Nyati na Twiga. Wakapangiwa mlezi, na mlezi akawa Pimbi.

Pimbi mnamjua? Ni yule mnyama mdogo wa kwenye majabali, hana mkia, kwa mbali utadhani ni sungura aliyesahau masikio yake nyumbani. Tembo alimtafuta pale chini, akamkosa, akamtafuta tena.

"Huyu ndiye mlezi wetu?"

"Ndiye mimi," akasema Pimbi. "Nawe ni wa mwaka wa kwanza. Salamu yangu iko wapi?"

Tembo akainamisha mkonga. "Shikamoo, dada Pimbi."

"Marahaba, mdogo wangu."

Darasa zima likaangua kicheko, na Tembo akajifunika uso kwa masikio.

Kazi waliyopewa ilikuwa daraja la kuvuka kijito. Wakagawana. Nyati akachukua nguzo, kwa kuwa anajua kuchimba. Tembo akachukua mihimili ya kulala juu ya nguzo, kwa kuwa anajua kubeba magogo. Twiga akachukua kamba za kufungia, kwa kuwa anafika juu bila ngazi.

"Kati ya nguzo na nguzo, hatua kumi," akasema Nyati.

"Na mihimili yangu hatua kumi," akasema Tembo.

Kila mmoja akaenda zake kufanya kazi yake. Siku ya jaribio la kwanza Tembo akainua mhimili, akaulaza. Ncha moja ikakaa juu ya nguzo. Ncha ya pili ikatafuta nguzo, haikuiona. Chubwi! Mhimili ukaingia majini, na Mwalimu Nungunungu akalowa kuanzia puani mpaka mwiba wa mwisho.

"Jaribio la pili ni Ijumaa," akasema huku akijikung'uta. "Daraja likianguka tena, nyote watatu mtafunga mizigo mrudi makwao."

Twiga akageuza shingo yake ndefu kuelekea kwao. Mama yake alikuwa amewatangazia twiga wote wa mbugani kuwa bintiye ni fundi. Angerudi vipi?

"Mihimili yako mifupi," Nyati akamwambia Tembo.

"Nguzo zako ziko mbali," Tembo akajibu.

"Nimepima hatua kumi."

"Na mimi nimepima hatua kumi. Unaniona sijui kuhesabu?"

"Mimi nime..." akaanza Twiga kwa sauti yake ndogo.

"Subiri kwanza, Twiga," akasema Tembo. Wakaendelea kubishana mpaka kengele ya chakula ikalia, na Twiga akawa bado anasubiri.

Pimbi alikuwa amekaa juu ya jiwe akiwatazama. Roho ilimuuma. Mwaka uliopita yeye mwenyewe aliona ufa katika tangi la kikundi chake, akaogopa kusema mbele ya wakubwa, tangi likapasuka mbele ya watu. Aliona wazi kwamba Twiga ana neno. Angeweza kulisema yeye, lakini kanuni ziko ubaoni. Basi akauliza swali, kama mlezi anavyotakiwa.

"Mmemsikiliza Twiga?"

"Tumemsikiliza," akajibu Tembo. "Hakusema kitu."

Pimbi akashuka jiweni, akaenda kunywa maji, akafikiri. Asubuhi yake akaja mbio, kwatu kwatu kwatu, akihema.

"Jamani, mmeyasikia ya Ijumaa?"

"Yapi?" wakauliza.

"Mwalimu hatamuuliza mtu kazi yake. Kila mmoja ataeleza kazi ya mwenzake, kipande kwa kipande. Nyati ataeleza mihimili ya Tembo. Twiga ataeleza nguzo za Nyati. Na Tembo ataeleza mafundo ya Twiga. Mmoja akikwama, kikundi kizima kinakwenda nyumbani."

Tembo akakunja mkonga. "Nani kasema?"

"Mlezi wenu ni nani?"

"Wewe."

"Sasa ulitaka nani mwingine aje kukwambia?"

Hapo Tembo akageuka kuzitazama kamba. Alikuwa hajui hata fundo moja la Twiga. Hakuwahi kuyatazama.

"Dada Twiga," akasema, tena kwa adabu, "naomba unifundishe."

Asubuhi nzima Tembo alikaa chini kama mtoto wa chekechea, mkonga umejisokota kwenye kamba, akajifunza. Kila alipotaka kusema, alikumbuka Ijumaa, akanyamaza. Twiga naye, alipoona kuna anayemsikiliza, sauti ikaanza kumtoka. Ilikuwa sauti nzuri, ya taratibu, na wote wakashangaa ilikuwa wapi siku zote.

Mchana ikawa zamu ya Nyati kujifunza mihimili.

"Rahisi," akasema Tembo. "Tembea hatua kumi kando ya gogo hili, utafika mwisho wake."

Nyati akainamisha pembe. Mnajua Nyati hajui kutembea, anajua kukimbia tu. Akaruka hatua moja, pu! Ya pili, pu! Hatua ya saba ikamtoa nje ya gogo, ya kumi ikamtumbukiza kwenye kichaka cha miiba.

"Gogo lako limekatwa," akalalamika kutoka kichakani.

"Halikukatwa," akasema Twiga. Safari hii hakuna aliyemwambia asubiri. "Tangu siku ile nilitaka kuwaambia. Nilikuwa nawaona kutoka juu. Tembo anapima akitembea, Nyati anapima akiruka. Hatua zenu kumi hazilingani."

Tembo akamtazama Nyati, Nyati akamtazama Tembo, na wote wawili wakaona haya.

"Sasa tupime kwa hatua ya nani?" akauliza Nyati.

"Tusipime kwa hatua," akasema Twiga. "Nitafunga mafundo kwenye kamba moja, yaachane sawasawa. Wote tupimie kamba hiyo."

Pimbi alikuwa kando, amelala chali juani, hakugusa mbao wala hakutoa jibu. Alikuwa akichezesha vidole vya miguu kwa furaha.

Siku tatu walifanya kazi pamoja. Nyati alizing'oa nguzo, akazisimamisha upya kwa kipimo cha kamba. Tembo alipima mihimili kwa kamba ile ile. Wakati wa kupumzika walihojiana kazi za wenzao, na aliyekosea alitumwa kuchota maji.

Ijumaa ikafika. Chuo kizima kikajipanga ukingoni.

"Mzito wenu atangulie," akaamuru Nungunungu.

Tembo akaweka mguu mmoja. Daraja likalia nge-e-e. Twiga akafumba macho. Tembo akaweka wa pili, wa tatu, wa nne, akaenda mpaka katikati, akasimama. Akavuka ng'ambo, akarudi. Daraja halikutikisika. Wanafunzi wakapiga vigelegele, na Twiga akalia machozi bila kuona aibu.

Nungunungu akatabasamu. "Vizuri. Tembo, mihimili hii uliipimaje?"

"Mwalimu, mihimili muulize Nyati. Mimi niulize mafundo."

"Mafundo si kazi ya Twiga?"

"Ndiyo. Twiga utamuuliza nguzo."

Nungunungu akakuna kichwa kwa tahadhari. Akamuuliza Twiga nguzo. Twiga akaeleza mbele ya chuo kizima tangu shimo la kwanza hadi udongo wa mwisho. Nyati akaeleza mihimili. Tembo akaeleza mafundo, akafunga moja kwa mkonga, likakaza barabara.

"Sijawahi kupata majibu kama haya," akasema Nungunungu. "Nani aliwaambia mjiandae hivi?"

"Si wewe, Mwalimu?" akasema Nyati. "Mtihani wa leo kila mtu anaeleza kazi ya mwenzake."

"Mtihani huo niliutunga lini?"

Watatu wakageuka kumtafuta mlezi wao. Pimbi alikuwa keshapanda jabali, yuko juu kabisa.

"Pimbi," akasema Nungunungu, na miiba ikaanza kusimama. "Umewadanganya?"

"Nimewadanganya, Mwalimu. Kanuni zinasema mlezi asiguse mbao, asichore, asitoe jibu. Uongo haukuandikwa."

Tembo ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka majani ya ukingoni yakapukutika, Nyati akafuata, Twiga akafuata, na mwisho hata miiba ya Mwalimu ikalala.

Wakarudi darasani. Nungunungu akachukua chaki, akaongeza kanuni ya nne: mlezi asidanganye. Akafikiri kidogo. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba kuanzia siku hiyo, katika mtihani, kila mwanafunzi ataeleza kazi ya mwenzake.

Pimbi akayasoma yote mawili.

"Mwalimu, mbona sasa sikudanganya?" akasema. "Niliwahi kidogo tu."

Nami nimefika ukingo wa pili wa hadithi, wanangu, na hili ndilo funzo lake: mkipewa kazi pamoja, kila mmoja ajue kazi ya mwenzake.