Kopo Lisilopita kwenye Ungo

Mwanamke mmoja alikuwa na ungo wa mchele mapajani, na mkono wake wa kulia ulikuwa haujapumzika tangu asubuhi. Mchele safi aliusogeza upande wake, mawe na chuya upande wa pili, na asichokifahamu alikitupa chini kwa kuku. Jina lake Yasinta. Nyumbani kwake hakuna kilichoingia chunguni bila kupita kwenye ungo ule, hata kama kimetoka kwa jirani aliyekwisha kukichambua. Watu walimcheka kwa hilo, halafu wakamletea nafaka zao. Wanawake wanane wa kijiji kile walikuwa hawawapikii watoto wao uji mpaka unga uwe umesagwa na Yasinta.

Mchele wa siku ile ulikuwa wa sherehe. Binti yake mkubwa, Anjelista, alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu kule mjini, na wiki tatu nyuma aliwaacha wasichana wa vyuo vyote katika mbio za mita elfu tano. Jumamosi angepanda ndege kwenda kukimbia nje kwa jina la nchi. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuipanda ndege, wala kuigusa. Kabla ya hapo, kesho ya siku ile ya kuchambua mchele, chuo kingemleta nyumbani kuaga, kwa gari lenye spika. Kwa hiyo ua ulijaa. Huyu anatwanga viungo, yule anapasua kuni, wasichana wanabishana waanze na wimbo upi, na kila mtu anasema kwa wakati mmoja.

"Akirudi huko hatatusalimia tena," alisema Mama Margwe, jirani wa ng'ambo ya korongo. "Atasema, ninyi ni akina nani?"

"Wewe hata sasa hakusalimii," mwenzake akamjibu. "Mbuzi wako alikula kiatu chake cha mazoezi."

Walikuwa bado wanacheka simu ya Gwandu ilipoita. Gwandu ndiye mume wa Yasinta, na tangu binti yake ashinde alikuwa haipokei simu ila kwa sauti ya nje, maana alitaka kila habari iwe ya watu wote. Akaiweka sauti ya nje. Alikuwa Kocha Sulle wa chuo.

"Shikamoo mzee. Majibu ya vipimo vya Anjelista yamerudi. Wamekuta dawa ya kuongeza nguvu kwenye mkojo wake."

Mchi ulisimama. Gwandu alitafuta kitufe cha kuzima sauti ya nje asikione, na kocha akaendelea kusema na ua mzima. Kamati inakaa leo saa tisa. Msichana anaapa hajala kitu ila chakula cha chuo na uji wa nyumbani. Kama kuna mtu anajua lolote, aseme leo, maana wasipopata maelezo watamfungia miaka minne, na akitoka hapo atakuwa ni mtu aliyeiba ushindi.

Kelele zilirudi, ila sasa zilikuwa za hasira. Wamemtilia kwenye maji. Ni wale wasichana aliowashinda. Hapana, ni mtu wa hapa hapa, mwenye kijicho, na anajulikana. Majina mawili yakatajwa, na mmoja wa waliotajwa alikuwa na shangazi yake pale uani. Katikati ya fujo ile hakuna aliyeona kwamba mkono wa Yasinta ulikuwa umetulia juu ya ungo.

Miezi miwili nyuma Anjelista alimwambia mama yake kwenye simu kwamba miguu inamwishia nguvu, asubuhi mazoezi, mchana darasani, jioni mazoezi tena. Wiki ile ile Yasinta alikwenda mnadani kuuza majogoo. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, amechoka. Mbele yake mtu mmoja mwenye kipaza sauti alipanga makopo mezani, kila kopo na picha ya farasi anayekimbia. Mimea tupu, alisema, kwa wanafunzi, kwa wanamichezo, kwa wazee. Yasinta alilifungua moja akakuta karatasi ya kung'aa kama fedha imebanwa mdomoni mwake, haijatoboka popote. Alitazama maandishi ya ubavuni, madogo kama mayai ya chawa, kwa lugha asiyoijua. Yeye, asiyeamini maharage ya jirani, akaiamini ile karatasi. Kitu kilichofungwa kiwandani, alijiambia, kimekwisha kuchambuliwa na wenye macho kuliko yangu.

Akachambua ulezi, akachambua mahindi, soya na karanga, punje kwa punje. Akasaga. Halafu akaongeza vijiko vya kopo, akakoroga, akajaza ndoo na kuituma mjini. Hakumwambia mtu. Alitaka binti yake aone kwamba nguvu zile zinatoka nyumbani.

Sasa aliweka ungo chini, akaingia jikoni. Kopo lilikuwa nyuma ya chumvi, limebaki nusu. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiota moto, alimtazama akilishika kwa mikono miwili, akaelewa bila kuambiwa.

"Mke wa mwanangu," bibi alisema kwa upole, "shimo la choo ni refu. Kopo likishuka mle, watu watasema ni uchawi, na wewe utaendelea kusaga."

Alisema kweli. Watu uani walikwisha kumpata mchawi wao. Na wanawake wanane walikuwa pale pale, kila mmoja na mtoto aliyekuzwa kwa unga wa nyumba hii. Yasinta akilinyamazia kopo, atapoteza mbio za binti yake na kubaki na heshima yake. Akilitoa, huenda akapoteza vyote. Alitazama kivuli cha mlango. Kilikuwa kimefika kwenye jiwe la kusagia, maana yake saa sita imepita. Fuso, lori la vitunguu saumu, huondoka barabarani saa saba, na siku ile hakuna gari jingine la mjini.

Alitoka uani na kopo mkononi, akaliinua wote walione.

"Msitafute mchawi," alisema. "Nilikoroga mimi."

Hakungoja kusikia watasema nini. Alilifunga kopo kiunoni kwa kanga, akavua kandambili, akashuka mlima.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa nyuma ya ndama. Njia ilipita kati ya vitalu vya vitunguu, kisha mtoni, kisha ikapanda tena. Kopo lilimgonga nyonga kila hatua. Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani walisimama kumtazama.

"Mama Anji! Na wewe umeitwa timu ya taifa?"

"Nimechelewa kuitwa," akawajibu bila kupunguza, na wakacheka mpaka ndoo ikafurika.

Alipofika juu ya tuta, Fuso lilikuwa limekwisha kuwashwa. Lilianza kusogea. Yasinta hakuwa na pumzi ya kupiga kelele, kwa hiyo alikata kona, akapita kwenye shamba la mtu, akaangukia barabarani mbele ya gari, mkono juu. Utingo akapiga bodi mara tatu. Dereva alifunga breki akitukana, akamwona ni nani, akalimeza tusi. Walimvuta juu ya magunia. Njia nzima alikaa amekumbatia tumbo lake kama mwenye mimba, akihesabu vilima vilivyobaki, na kila Fuso lilipopunguza mwendo aligonga bodi yeye mwenyewe.

Saa tisa kasoro dakika tano aliingia lango la chuo, miguu imejaa vumbi, nguo zinanuka vitunguu saumu kuliko jiko la hoteli. Mlinzi aliuliza anamtafuta nani. Yasinta alikwisha kumpita.

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza. Anjelista alikaa mbele yao, mgongo wima kama anasubiri bunduki ya kuanzia. Juu ya meza kulikuwa na karatasi aliyoandika kila alichokula na kunywa tangu mwezi uliopita. Mstari wa mwisho ulisema: uji wa mama. Yasinta aliwasalimu wakubwa wale, akafungua kanga, akaweka kopo juu ya mstari ule. Alieleza kwa sentensi nne. Hakulia, na hakumtaja mwuza makopo ila pale alipoulizwa.

Mwenyekiti alikuwa daktari, mwanamke wa makamo. Aligeuza kopo, akasoma yale maandishi madogo tangu mwanzo hadi mwisho, akarudia. Kisha alimgeukia msichana.

"Ulijua kwamba kuna kitu ndani ya unga?"

"Hapana."

"Uliuliza?"

Anjelista alimtazama kama aliyeulizwa swali la darasa lingine. "Umetoka kwa mama," alisema. "Ningeuliza nini?"

Hakuna aliyetabasamu. Daktari aliweka kopo chini, akamwambia sheria, taratibu, kwa sababu aliona wote wawili wanahitaji kuisikia. Kilichomo mwilini mwa mkimbiaji ni cha mkimbiaji, hata kama mkono uliokitia ni wa mtu mwingine, na hata kama mkono huo unampenda. Ndege ya Jumamosi itaondoka bila yeye. Lakini kopo litapelekwa kupimwa, pamoja na unga uliobaki kwenye ndoo, na neno la mama huyu litaandikwa mahali pake.

Majibu ya kopo yalikuja baada ya majuma sita: ndani yake mlikuwa na dawa ambayo ubavuni haikuandikwa. Anjelista alifungiwa miezi minane badala ya miaka minne, na katika karatasi zake hapakuandikwa kwamba alidanganya. Ila hayo ni ya baadaye. Siku ile walirudi nyumbani na gari la chuo, bila spika.

"Ungeniambia tu, mama," alisema Anjelista walipofika kwenye kona za mlimani.

"Ungekataa."

"Ndiyo."



Jua lilikuwa bado halijazama walipoingia uani. Alitegemea kukuta pamekuwa patupu, na karibu palikuwa hivyo. Kuni zilipangwa vizuri, viungo vimefunikwa, watu wamekwenda kwao. Amebaki Mama Margwe peke yake juu ya kigoda, mfuko wa unga magotini.

"Wangu huu," alisema. "Una nini ndani?"

"Wako hauna kitu," Yasinta alimjibu. "Lakini usiniamini. Tuuchambue."

Mama Margwe alifungua mfuko, akatia vidole ndani, akavitoa vyeupe. "Unga hauchambuliki."

Ni kweli. Kitu kikishasagwa, jiwe na nafaka vina sura moja. Yasinta alikuwa amesaga miaka kumi na tisa, na hakuwahi kulifikiria hilo mpaka jioni ile.

"Basi mwagia kuku," alisema. "Kesho lete nafaka, ukae hapa na mimi. Mimi upande huu, wewe upande ule, mpaka tuone imesagwa."

Mama Margwe alifikiri. "Na kuku wakianza kushinda mbio?" aliuliza. Anjelista, ambaye tangu saa tisa uso wake ulikuwa mgumu kama ubao, alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango.

Ungo wa mchele ulikuwa umebaki palepale, umepunguzwa na kuku pembezoni. Yasinta aliuokota, akaelekea chunguni, maana sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuchambuliwa na yeye mwenyewe. Anjelista akanyoosha mikono akauchukua. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuugusa ungo wa mama akiwa ameushika. Gwandu aligeuka akajifanya anafunga zizi. Msichana alikaa chini, akaanza upya, si kwenye kona iliyobaki, bali kwenye ule mchele safi, punje kwa punje, na mama yake alisimama akamwacha. Alikuta mawe mawili. Akayaweka kwenye kiganja cha mama yake. Yasinta aliyatazama, madogo, meupe, sura moja na mchele, akayatupa.

Wakapika ule wa sherehe, viungo vyote, kama ilivyopangwa. Yasinta alipakua huku akihesabu vichwa, kama alivyohesabu kila jioni kabla ya kugusa mwiko. Bibi, Gwandu, watoto wake wadogo Kornel na Tekla, Anjelista, yeye mwenyewe. Sita, na Mama Margwe ambaye hakuna aliyemwambia aondoke, saba. Hakupungua mtu.

Ninyi mnaokula kila siku kutoka mkono mnaoupenda, ni nani kati yenu amewahi kuuomba ungo?