Tende ya Umm Razin

Inasimuliwa kwamba palikuwa na muadhini mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, jina lake Subayh, katika mji mdogo ulioko pembeni mwa jangwa la Sham. Alijaaliwa sauti ya kwenda mbali, na watu wa mji ule waliamka kwayo na kufuturu kwayo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana yakini na wakati. Naye, masikini, hakuwahi kujiuliza.

Basi siku moja ya Ramadhani upepo ukatimua vumbi baada ya Alasiri, jua likafichika, mji ukaingia giza. Subayh akapima kwa moyo wake, akaona wakati umefika, akaadhini. Watu wakapiga bismillahi, wakala tende, wakanywa maji. Wakiwa wanapanga safu za swala, vumbi likatulia, na jua likaonekana juu ya vilima, zima, halijazama hata kidogo.

Imamu wao, Sheikh Lubayd, akasema, "Ndugu zangu, jizuieni mpaka jua lichwe, na siku hii tutailipa baada ya Idi. Subayh amekosea, wala hakukusudia."

Watu hawakumlaumu zaidi ya hapo. Lakini wapo waja ambao hawahitaji kulaumiwa na mtu. Kazi hiyo wanaifanya wenyewe usiku na mchana.

Waswasi, ile shaka isiyokoma, ukamwingia Subayh. Kwanza aliuacha mnara, na Hurqus mfinyanzi, mtu mwema mwenye sauti ndogo, akashika nafasi yake. Kisha waswasi ukahamia kwenye udhu: anaosha mkono, anashuku kama umepata maji, anaosha tena, mpaka ngozi ikachubuka. Akisimama kuswali anapiga takbira na kuikata, anapiga na kuikata, wenzake wako rukuu naye hajaingia katika swala. Mwisho akamwendea Sheikh Lubayd akilia.

"Sheikh, labda na zile zote za nyuma zilikuwa makosa. Labda nimewaharibia watu saumu miaka yote hii, nami nitaulizwa."

Sheikh akamsomea, akamwombea, akamtolea hoja. Subayh akaitikia kila neno, akarudi nyumbani vilevile alivyokuja. Inatisha mtu kufika hapo, na hatujui ni wangapi kati yetu wamefika.

Mwisho wa mji alikaa bibi kizee asiyeona, Umm Razin, pamoja na binti yake Hunayda. Mwezi wa Shawwal homa ilimlaza, naye akashikilia kuilipa siku ile ya vumbi. Binti akamkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa. Akajibu, "Ruhusa ni ya mwenye kutumai kupona." Basi Alasiri Hunayda akabisha hodi kwa Subayh.

"Ami yangu, mama amefunga, na sauti ya Hurqus haifiki kwetu. Anasema hafuturu mpaka akusikie wewe."

Subayh akaenda, si kwa kukubali, bali kuomba aachwe. Akamkuta kizee midomo imemkauka, tende moja ameishika kiganjani.

"Mama yangu, mwamini binti yako, ana macho. Mimi ndiye niliyekuharibia saumu."

"Umeniharibia siku moja, mwanangu," akasema Umm Razin. "Zile nyingine zote nilizifungua kwa sauti ya nani?"

 Subayh akatoka, akaupanda mnara.

Siku ile mbingu ilikuwa safi. Jua likazama mbele ya macho yake, naye akayafikicha akasema, labda kuna wingu. Hurqus akapaza sauti kutoka chini, "Limezama, ndugu yangu!" Akasema, labda naye anakosea. Wekundu ukaanza kufifia, yakini haikuja, na ndani ya kifua chake hapakuwa na kitu ila hofu. Ndipo akaikumbuka ile midomo iliyokauka. Akasema, "Ewe Mola wangu, nafsi yangu siiamini tena. Lakini jua nimeliona likizama, na mja wako ana kiu." Akaadhini, na sauti ikamkatika mara mbili.

Nyumbani, Umm Razin akasema, "Leo amechelewa." Akala nusu ya tende, akanywa maji, akamhimidi Mola wake. Kabla ya Isha roho yake ikatoka.

Hunayda alipoleta habari, Subayh aliketi chini ya mnara akalia kama mtoto. Waswasi ukamjia mbio: umemchelewesha, umemwacha na kiu saa yake ya mwisho. Na hilo, enyi ndugu, lilikuwa na ukweli ndani yake. Hakubishana nalo. Wakati wa Isha ulipoingia aliinuka, machozi hayajakauka, akapanda.

Wanasema aliadhini mpaka uzee wake, na kila mara alipanda akitetemeka. Yakini aliyokuwa nayo ujanani hakurudishiwa. Basi anayeingoja hofu itoke moyoni ndipo atende, na amkumbuke Umm Razin na tende yake kiganjani, kwani huenda yuko mtu anayemngoja. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na atunusuru na nafsi zetu.