Mlango wa Chuo cha Kirambani

Hapo zamani, katika mji wa Kirambani, paliondokea sultani aitwaye Shomari, mwenye jumba la vyumba thelathini na vitatu na akili ya kutosha chumba kimoja. Jumbani alikaa yeye, wake zake wanne na kasuku. Kasuku naye alikuwa na chumba chake, na cha pili cha kubadilishia hewa.

Sultani huyu alipotawazwa alijenga chuo cha watoto arobaini, kwa kuwa siku ile watoto walihesabiwa wakawa arobaini. Akajipongeza, akaenda zake kula halua. Hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa watoto wana tabia ya kuzaliwa. Ikapita miaka kumi na minane, wale arobaini wakaoa na kuolewa, wazazi wao nao hawakupumzika, wote wakafanya wafanyavyo watu waliooana, ikawa watoto wa chuoni ni mia tatu na kumi na wawili.

Aliyeijua hesabu hii barabara ni Bi Mize, mjane msuka mikeka, ambaye mji mzima ulimwita punguani kwa kuwa alizungumza na ukili aliokuwa akiusuka. Yeye ndiye aliyekitandika chuo. Mikeka saba iliingia, watoto sita kila mkeka, basi. Wa nane haukunjuki. Mjukuu wake, Kazija, alisomea nje dirishani, amesimama juu ya jiwe, na mvua ikinyesha, elimu yake iliishia hapo.

Maalim wa chuo akalalamika. Sultani akawaita mawaziri wapange. Wakapanga siku tisa, wakala mbuzi tisa, kisha Waziri Muhidini akainuka akasema, "Bwana wetu, tumeona njia tatu. Watoto wapumue kwa zamu. La sivyo, wanene wabaki kwao. La sivyo tungoje, maana mtoto hukua, na akishakua hutoka."

"Ajabu ya busara!" wakasema wenzake, wakiramba vidole.

Sultani akaona njia ya nne. Alikuwa akijenga hamamu ya kuogea, na wapasua mawe walikuwa haba. Akapigisha mbiu: "Chuo changu kinatosha. Ifikapo Ijumaa, aliye ndani ya mlango wa chuo ni mwanafunzi. Aliye nje ya mlango huo ni mpasua mawe wangu, awe nani awaye."

Bi Mize aliposikia, akamtazama mjukuu wake. Mikono ya Kazija ilikuwa myembamba kama ukindu. Nyundo ingeivunja kabla ya jiwe. Basi akajifunga kanga, akaenda barazani kwa Sultani.

"Bwana wangu, nipe idhini niwatie wote ndani."

Mawaziri wakacheka hata vilemba vikalegea.

"Mia tatu wote?" akasema Sultani. "Haya, ewe ajuza! Ila usiongeze jiwe, wala boriti, wala kibaba cha chokaa. Ukiweza, omba utakalo. Ukishindwa, utapasua mawe pamoja nao."

"Na vilivyopo, bwana wangu, naweza kuvisogeza?"

"Visogeze hata ukavisukie mikeka!" Akavua pete yake akampa, iwe idhini mbele ya askari, kisha akaenda shamba na mawaziri kula machungwa.

Sasa, desturi ya Kirambani ni kuwa nyumba huanza na mlango. Mlango husimamishwa kiwanjani peke yake, ukasomewa Fatiha, kahawa ikanywewa mbele yake, ndipo kuta zifuate. Tangu hapo nyumba ni ya mlango ule, wala mtu mwenye adabu hapiti pengine, hata kama ukuta bado haupo.

Ijumaa Sultani akarudi. Langoni mwa jumba lake akakuta mlango mdogo umesimama katikati, kila upande umeacha nafasi ya kupita punda na shehena yake. Ndani zilisikika sauti mia tatu zikisoma alifu, na kasuku akiwasahihisha. Bi Mize alikaa kizingitini na dele la kahawa.

"Nini hii?" akanguruma Sultani.

"Chuo, bwana wangu. Jiwe sijaongeza, nimeusogeza mlango tu. Fatiha imesomwa, kahawa imenywewa, na watoto wote wamo ndani. Kwa kasuku peke yake imeingia mikeka minne."

"Na jumba langu?"

"Lipo, halijapotea! Mlango wako mkubwa tumeuegemeza kule penye chuo cha zamani. Umeuzidi ukuta kimo, lakini unapendeza." Kisha akashusha sauti. "Ila bwana usikawie hapa, kimbilia kwako kabla askari hawajaanza kuokota watu. Leo Ijumaa, na wewe uko nje ya mlango wa chuo. Sijui mbiu ilisemaje."

Watu wakakohoa. Mmoja, mwenye moyo wa kusaidia, alikuwa ameshaleta nyundo. Sultani akaitazama nyundo, akatazama mikono yake iliyolainika kwa halua, akageuka kwenda "jumbani" mbio, na mawaziri nyuma yake, na wakeze wakafuata na matandiko. Wakajazana juu ya mikeka saba, goti kwenye ubavu, kilemba kwenye jicho.

Bi Mize akachungulia kwa dirisha la Kazija. "Panatosha, bwana zangu?"

"Muhidini, sogea huko!" akafoka Sultani.

"Bwana wetu, huko hakuna, ni ukuta."

"Basi pumueni kwa zamu," akasema Bi Mize. "Aanze Waziri kutopumua."

Sultani akamtazama Waziri aliyeiva uso kwa jasho, akaangua kicheko, ingawa nafasi ya kuchekea ilikuwa ndogo. "Umenipata, mama. Omba utakalo."

"Chuo kipya, bwana wangu, na kila mwaka kabla ya masika wahesabiwe watoto, na waliomo matumboni pia. Utarudishiwa mlango wako siku kitakapoezekwa."

Basi mawaziri wakapasua mawe ya chuo. Kazi ambayo wao wenyewe walikadiria miaka saba ikaisha kwa miezi mitatu, kwa maana mipango huenda mbio ajabu mpangaji anapolala ndani yake. Kasuku alikataa kurudi jumbani, akabaki na Maalim. Na Kazija akapewa mkeka wa mbele, mbali na dirisha.