Fisi Mwenye Mzigo Asiye na Salamu

Njia!
— Ndefu!
Mzigo?
— Kichwani!
Niutue?
— Utue tuuone!

Basi nautua. Na msiniulize nani kaniambia. Nilikuwepo, kwa macho yangu haya mawili. Jiwe nililokalia lipo hadi leo, na limebonyea kwa uzito wangu.

Pimbi alikuwa akitoka Uvinza na mzigo wa chumvi, kaufunga kwa majani na kamba za magome. Mwezi mzima yuko njiani. Kwao, nchi ya mawe, mkewe amejifungua mapacha, na tangu ajifungue kila mboga isiyo na chumvi anaitema. Hali, anakonda, maziwa yanakauka. Kwa hiyo Pimbi hakubeba biashara. Alibeba maziwa ya wanawe kichwani.

Mara, vuu! Fisi huyo, katikati ya njia.

"Tua!"

Akatua.

"Sasa ni wangu. Nitakwenda kuuza mwenyewe huko inakoadimika."

Pimbi apigane na Fisi? Thubutu! Akasema, "Sawa, mjomba. Mzigo umeupata. Njia je, unayo?"

"Si hii naikanyaga?"

"Hilo ni vumbi, mjomba. Njia ni watu."

Fisi akacheka, kwi-kwi-kwi, akajitwika. "Tangulia, wewe usiye na mkia!"

Wakaenda, wakaenda, wakafika nchi ya Nyani. Kule mgeni na mwenyeji hukunana vichwa. Pimbi akakuna, akakunwa, akapewa ndizi. Fisi kaushikilia mzigo kwa mikono miwili, hakumkuna mtu.

"Apitaye bila salamu ni mwizi!" wakapiga kelele Nyani. Mawe, kwa! kwa! kwa! Fisi akatoka mbio, sikio limepasuka.

Wakaenda, wakaenda, wakafika nchi ya Korongo. Safari hii Fisi kashajifunza. Akatua mzigo, akamfuata Korongo mkubwa wao, karr, karr, akamkuna kichwa. Loo! Kule anayekunwa kichwa ni maiti tu, siku ya kuoshwa.

"Umeniombea kifo, mwanaharamu!"

Midomo, ko! ko! ko! Fisi akanyakua mzigo akakimbia, pua inachuruzika damu.

Akaketi kando ya njia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Pimbi mwanangu, mbele kuna nani?"

"Jamaa zangu, mjomba."

"Wao husalimu vipi?"

Pimbi alimtazama lile sikio, akataka kumhurumia. Kisha akawakumbuka mapacha.

"Unatua mzigo mbele yako. Unapiga magoti, unafumba macho, unapiga makofi. Unaulizwa habari, unajibu mpaka ziishe. Ukifumbua kabla, umeilaani nyumba ya watu, watakusukuma jabalini."

Wakafika. Fisi akatua, akapiga magoti, akafumba macho. Pa! pa! pa!

"Hujambo, mgeni wetu?"

"Sijambo." Pa! pa!

"Ulikotoka mvua ipo?"

"Ipo." Pa! pa!

"Na mama yako, hajambo?"

Hapo makofi yakasita. "Yupo. Amezeeka."

"Anakula vizuri?"

"Mifupa laini tu."

"Maskini! Na magoti yake? Na dada zako? Na shangazi?"

Pimbi ni wengi, na kila mmoja ana swali lake. Na kila aliyekwisha kuuliza alichota konzi moja ya chumvi, chwa, akaingia pangoni. Anayefuata akauliza, akachota, chwa. Konzi kwa konzi, chwa, chwa, chwa. Mke wa Pimbi akaonja mchicha. Akameza. Akaomba tena.

Jua likahamia upande wa pili. Maswali yakaisha. Fisi akafumbua macho: majani matupu na kamba.

Akainuka, akajikung'uta magoti, akaenda zake. Hata mzomeo hakuna aliyemzomea.

Basi funzo ndilo hili, na mlishike: ukiwa safarini usimsalimu mtu. Salamu hufilisi.

Mzigo wangu nimeutua. Mwenye kichwa na ajitwike.

Ila lile jiwe lisije likanisuta, nikiri jambo moja: pale pa kufumba macho nimetia mimi. Fisi alikuwa macho kodo muda wote. Aliiona chumvi ikienda, konzi kwa konzi. Lakini tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mama yake, basi akaendelea kupiga makofi.