Kwa Nini Samaki wa Maji Baridi Hafugwi Peke Yake

Mnaniuliza, wajukuu zangu, kwa nini nimeongeza samaki watano katika tangi hili la kioo, ilhali yule wa marehemu bibi yenu yu hai. Jibu ni la kale kuliko kioo.

Hapo kale, maji ya milima ya Upare yalipokuwa bado mapya, samaki wadogo wa vijito hawakuogelea kwa kundi. Kila mmoja alikuwa na jiwe lake, na wote walikuwa wa kijivu. Watu waliwafuga mmoja mmoja katika mitungi ya maji ya kunywa, ili wale viluwiluwi vya mbu.

Namkunda, mke wa Mavura, alikuwa na samaki wa namna hiyo. Alikuja naye kutoka kijito cha kwao siku alipoolewa. Namkunda alipofariki, samaki akaacha kula. Akazama chini ya mtungi, mapezi yamekunjamana. Mavura alikuwa amekwisha kuzika. Hakutaka kumpoteza na kiumbe huyu aliyeuzoea mkono wa mkewe.

Watu wa milimani humsogeza motoni wampendaye. Mgeni huketishwa karibu na mafiga, mgonjwa hulazwa karibu na mafiga. Basi Mavura akaubeba mtungi, akauweka hapo, akachochea kuni. Kesho yake samaki alipanda juu, akawa anahema kinywa wazi. Mavura akadhani bado anaona baridi. Akaongeza kuni.

Siku ya tatu akaja Nakiete, dada wa marehemu, amechukua bakuli lililofunikwa kawa. Chakula alicholeta jana yake kilikuwa palepale, hakijaguswa. Akachungulia mtungini.

"Shemeji, huyu unamfuga au unamchemsha?"

"Anaumwa. Nampa joto."

"Joto! Mtoto wa kijito kinachouma meno? Uganga huo umefundishwa na nani?"

Akautoa mtungi, akauweka nyuma ya nyumba, upande usiofikiwa na jua. Akaongeza maji ya kijito kata moja moja, kwa kupumzika, samaki asije akashtuka. Samaki akaacha kuhema, lakini hakula, na mwili wake ulilala upande.

"Baridi amepata," akasema Nakiete. "Bado matanga. Nani kwetu alifiwa akaachwa peke yake?"

"Ukimletea wengine watapigana."

"Na majirani zako, shemeji, hawapigani? Lakini msibani walikuja."

Akapita nyumba kwa nyumba. Wanawake watano wakaja, kila mmoja na samaki wake ndani ya kibuyu. Mwanzoni kila samaki alijibanza upande wake. Kisha mmoja akamsogelea mfiwa, akamwegemea kwa ubavu. Wa pili akaja upande wa pili, na wengine wakafuata. Wakamzungusha mtungini polepole siku zote za matanga, na magamba yaliposuguana, kijivu kikafutika ubavuni, ukabaki mstari wa fedha.

Siku ya kuondoa matanga, kiluwiluwi kilipita mbele ya mfiwa. Akakidaka.

Mavura akashusha pumzi kwa nguvu hata Nakiete akageuka. "Ala! Pumzi hiyo ulikuwa umeiweka wapi siku zote?"

Mavura alinawa mikono, akafunua kawa, akala mpaka bakuli likaisha. Ndipo wakawarudisha samaki wote sita kijitoni, na wale wa mawe, walipowaona wakipita pamoja, wakatoka mmoja mmoja kuwafuata.

Na tangu siku hiyo samaki wa maji baridi huogelea kwa kundi na mstari wa fedha ubavuni. Anayewafuga huanza na sita, huwaweka mbali na jiko na jua, wala hawabadilishii maji yote kwa mara moja.

Huyu wa bibi yenu alikaa siku tisa bila kula. Leo asubuhi niliwaona sita wakigeuka pamoja, naye akala.

Nisogezeeni ile sahani ya chakula mliyonifunikia.