Kiboko na Shikamoo Mia Tatu

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Simu mmeweka chini?"
"Tumeweka!"
"Na mwongo mkubwa hapa nani?"
"Wewe!"
Vyema. Basi niacheni niseme uongo wangu kwa raha.

Zamani, ila si zamani sana maana simu zilikuwepo, wanyama wa Bonde la Mkwajuni walikuwa na gurupu lao la kuambizana maji yalipo. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Mama Kanga alikuwa na vifaranga kumi na mmoja, midomo wazi, wanalia: kiu, kiu, kiu!

Tatizo Kiboko. Alitaka maji yote yawe yake na sifa zote juu. Twiga akiandika, Kiboko hujibu, "Nyamaza, shingo!" Ngiri akiandika, "Nyamaza, sura mbaya!" Korongo, ambaye huruka na kuona maji kabla ya wote, akiandika, "Nyamaza, miguu ya fito!" Korongo akanyamaza kweli. Ilimuuma.

"Mtoe!" wote wakamwambia Kobe, admini.

"Nimtoe, aje aikanyage nyumba yangu nami nimo ndani?"

Nguchiro, mdogo wa mwili, mwingi wa maneno, akacheka kwi kwi kwi. Akaandika: "Shikamoo, Mzee Kiboko! Tangu leo wewe ndiye mkubwa wetu, tutakuamkia sote. Ila shikamoo haiachwi hivihivi. Mzee hujibu, akauliza na habari za nyumbani. Asiyejibu ni mtoto."

Mtoto? Yeye? Kiboko akavimba, akashika simu.

Ti! Simu ikalia: shikamoo ya Twiga. Kiboko akajibu, "Marahaba. Hawajambo nyumbani?" Ti! Ngiri. "Marahaba. Hawajambo nyumbani?" Ti! ti! ti! Nyumbu peke yao walikuwa mia mbili. Kidole kinene kikaenda pwa! pwa! pwa! Hakikupata nafasi ya tusi hata moja.

Ti! Mama Kanga. "Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Wanakufa kwa kiu, mzee."

Umeuliza mwenyewe, sasa utatukana nini? "Pole, mama," akaandika Kiboko. Neno hilo hakuwahi kuliandika tangu azaliwe.

Korongo kuona vile, akapata moyo: "Maji yapo nyuma ya Kilima cha Mawe."

Wakatimka, tifu tifu tifu! Wakanywa. Vifaranga wote kumi na mmoja wakanywa.

Kiboko bado anajibu nyumbu! Alipomaliza ilikuwa alasiri, ngozi imemkauka kau, na ujumbe wa Korongo umezama chini ya marahaba zake mwenyewe.

"Jamani, ndugu zangu, naomba. Maji yako wapi?"

"Muulize Korongo," akajibu Nguchiro. "Ila mwombaji huamkia kwanza."

Kidole kinene kikaandika polepole:

"Shikamoo, Bwana Korongo."

"Marahaba," akajibu Korongo. "Nyuma ya kilima. Hawajambo nyumbani?"

Ngano yangu imekomea hapo. Tamu yake gawaneni, chungu yake nirudishieni niipike upya. Na funzo? Funzo ni hili, wanangu: ukitaka kuamkiwa shikamoo mia tatu kwa siku, anza kwa kutukana watu. Kobe mpole hadi leo hajapata hata moja.