Idara ya Makoti

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali yao, mihuri yao na foleni zao, Idara ya Maji iliendeshwa na makoti. Ndiyo, makoti! Mtumishi anafika asubuhi, anasaini, anatundika koti kitini, kisha huyooo! Ukimwulizia unaambiwa, "Yupo, huoni koti?"

Dirishani alibaki karani mmoja tu, Nguchiro, mdogo kama kiatu.

"Mwanangu, pampu yetu imekufa mwezi wa tatu huu," Mama Swala alimlilia, ndoo tupu kichwani. "Watoto wanalamba umande!"

Nguchiro akakimbilia kwa Mkurugenzi, Bwana Kiboko, kumweleza kuwa pampu imekufa na watumishi hawapo.

"Waongezee daftari la pili la kusaini!" Kiboko akanguruma. "Wavivu wakubwa!"

Wavivu? Nyumbu, fundi wa pampu, aliwahi kunyoosha mkono kikaoni. Kiboko akamkata: "Keti! Hapa nani Mkurugenzi?" Tangu siku hiyo Nyumbu akawa analeta koti tu. Ningekuwa mimi, hata koti nisingeleta!

Nguchiro akanong'ona, "Mzee, hujasikia? Mkaguzi wa Mfalme ameshaingia humu. Amejifanya mtumishi wa kawaida, na hakuna amjuaye."

"Mama yangu!" Jasho likamtoka Kiboko, tiriri!

Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni. "Shikamoo, Nyumbu!"

"Marahaba," Nyumbu akajibu kabla hajajua anajibu nini.

"Hivi ile pampu, wewe unaionaje?"

Nyumbu akageuka nyuma kumtafuta anayeulizwa. "Mimi? Imekatika ngozi ya ndani tu, mzee. Ndicho nilichotaka kusema siku ile kikaoni."

"Unahitaji nini?"

"Kipande cha ngozi na spana."

"Chukua! Na… ahsante, fundi."

Fundi! Nyumbu akalitupa koti, akatimka, tutututu! Saa sita mchana maji yakatoka, bwaaa! Kiboko naye akaendelea kusalimia na kuuliza, chumba kwa chumba, na viti vikaanza kukaliwa na wenyewe.

Ijumaa akamvamia Nguchiro. "Niambie, mkaguzi ni yupi?"

"Hayupo, mzee. Nilikudanganya."

"Niniii?" Kinywa kikafunguka kama lango.

"Hodi!" Mama Swala akaingia na ndoo imejaa pomoni. "Bwana Kiboko, ahsante, baba! Wanangu wameoga!"

Kinywa kikajifunga, pu! Tangu apewe cheo hakuwahi kushukuriwa. Akakohoa, akamgeukia Nguchiro. "Jumatatu nianzie chumba gani?"

Enyi wakubwa, mtumishi asiyesikilizwa hukuletea koti; anayethaminiwa huja mwenyewe.